Leonhard Euler: Kipofu aliyefichua siri ya namba 2,147,483,647

IFIKAPO saa 12:14 asubuhi na sekunde saba kwa saa za Afrika Mashariki, Januari 19, 2038, kompyuta zote ambazo bado zitakuwa zikihesabu muda kwa utaratibu wa zamani zitafika ukingoni. Sekunde itakayofuata zitakosa namba ya kuiandika, na badala ya kwenda mbele zitarudi nyuma hadi Desemba 1901.

Namba itakayozikwamisha ni 2,147,483,647, yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Mafundi wa kompyuta duniani kote wanaijua namba hiyo na wengi wao wamewahi kusumbuliwa nayo.

Wachache wanajua kuwa namba hiyo hiyo ilikwisha kupimwa mwaka 1772, zaidi ya miaka 150 kabla ya kompyuta ya kwanza ya kielektroniki kuundwa. Aliyeipima hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa mzee wa miaka 65, kipofu, aliyenusurika kuteketea kwa moto mwaka mmoja kabla, na aliyewategemea wengine wamwandikie kila alichokitoa kichwani.

Mtu huyo ni Leonhard Euler, mwanahisabati ambaye wengi wanamhesabu kuwa miongoni mwa magwiji wakubwa kuliko wote waliowahi kuishi.

Mtoto wa mchungaji

Euler alizaliwa Aprili 15, 1707 katika mji wa Basel, Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti mwenye kipato cha kawaida, na familia ilihamia Riehen, kijiji kilicho jirani na mji huo, mtoto akiwa bado mdogo.

Mchungaji huyo alikuwa na ndoto moja tu juu ya mwanawe: arithi mimbari. Kwa sababu hiyo kijana aliingia Chuo Kikuu cha Basel akiwa na umri wa miaka 13, umri ambao haukuwa wa ajabu kwa enzi zile, na baadaye akaanza kusoma teolojia, Kigiriki na Kiebrania.

Lakini pale Basel alikuwapo Johann Bernoulli, aliyekuwa mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa Ulaya. Profesa huyo hakuwa na nafasi ya kumfundisha kijana faraghani. Alichofanya ni kumpa vitabu vigumu avisome peke yake, kisha kumruhusu afike nyumbani kwake kila Jumamosi alasiri kueleza pale alipokwama.

Haikuchukua muda mrefu Bernoulli kutambua alikuwa na mwanafunzi wa aina gani. Alikwenda kwa mchungaji na kumweleza kuwa mwanawe hakuzaliwa kwa ajili ya mimbari. Baba, ambaye naye katika ujana wake aliwahi kusomeshwa hisabati na Jakob, kaka yake Johann, alikubali.

Akiwa na umri wa miaka 20, Euler alishiriki shindano la Akademia ya Sayansi ya Paris juu ya namna bora ya kupanga milingoti ya meli. Alipata nafasi ya pili, ingawa alikuwa mtoto wa nchi isiyo na bahari. Baadaye angeshinda mashindano ya Akademia hiyo mara nyingi.

Alipoomba nafasi ya uprofesa nyumbani kwao Basel alikataliwa. Hivyo Aprili 1727 alifunga safari kwenda Urusi, ambako Akademia mpya ya Sayansi ilikuwa imefunguliwa mjini St. Petersburg na wana wawili wa Bernoulli walikuwa wamekwisha kutangulia. Euler hakurudi tena kuishi Uswisi.

Swali la Goldbach

Ilikuwa ni huko Urusi ambako namba kubwa zilimpata. Desemba 1729, Christian Goldbach, msomi aliyekuwa katibu wa Akademia hiyo, alimwandikia barua na kumuuliza kama alikuwa anafahamu dai moja la Pierre de Fermat.

Fermat, mwanasheria na jaji wa Toulouse nchini Ufaransa aliyefariki dunia mwaka 1665, alikuwa na mazoea ya kutaja ukweli wa namba bila kuacha uthibitisho. Dai lenyewe lilihusu namba tasa.

Ikumbukwe kuwa namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Saba ni tasa, na 13 ni tasa. Kumi na tano si tasa kwa sababu ni tatu mara tano. Namba nyingine zote hujengwa kwa kuzidisha namba tasa, kama vile nyumba ijengwavyo kwa matofali.

Fermat alikuwa na orodha inayoanza na 3. Ili kupata namba inayofuata, toa moja, zidisha kilichobaki kwa chenyewe, kisha ongeza moja. Kwa njia hiyo 3 inazaa 5, na 5 inazaa 17, na 17 inazaa 257, na 257 inazaa 65,537. Zote tano ni tasa. Fermat aliamini kuwa orodha hiyo ingeendelea kuzaa namba tasa milele, ingawa alikiri kukosa uthibitisho.

Kwa miaka karibu 90 hakuna aliyempinga. Namba ya sita katika orodha ni 4,294,967,297, na kuipima kwa kugawa moja baada ya nyingine ilikuwa kazi ya kumkatisha tamaa mtu yeyote. Isitoshe, aliyeisema alikuwa Fermat.

Mwanzoni Euler hakuonyesha hamu kubwa. Goldbach alirudia swali, naye akaanza kusoma maandishi ya Fermat. Mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, aliwasilisha jibu mbele ya Akademia: namba hiyo inagawanyika kwa 641, na jibu lake ni 6,700,417. Dai la Fermat likaanguka.

Miaka ya baadaye Euler alieleza siri ya kufika kwenye 641 bila kupotea njiani. Alithibitisha kuwa kila kigawo tasa cha namba ile lazima kibakishe moja kinapogawanywa kwa 64. Anayeshika kanuni hiyo hana haja ya kujaribu mamia ya namba. Zinazokidhi sharti ni 193, kisha 257, kisha 449, kisha 577, na ya tano ni 641 yenyewe.

Katika tukio hilo yamo mambo mawili yaliyomwongoza maisha yake yote. La kwanza ni kwamba mifano mitano ya kweli haitoshi kuifanya ya sita kuwa kweli, hata kama msemaji ni mtu mkubwa. La pili ni kwamba kazi isiyowezekana kwa nguvu inaweza kuwezekana kwa kufikiri kwanza.

Jicho la kwanza

Mwaka 1733 Euler alikabidhiwa kiti cha hisabati katika Akademia. Januari 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji aliyekuwa mzaliwa wa Uswisi kama yeye, wakanunua nyumba karibu na mto Neva.

Walijaliwa watoto 13, lakini watano tu ndio waliovuka utoto. Wanane walizikwa wakiwa wadogo. Waliomfahamu walisimulia kuwa aliweza kufanya hesabu akiwa amempakata mtoto huku wengine wakicheza miguuni pake.

Mwaka 1735 homa kali nusura imwondoe duniani, na mwaka 1738 alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia. Yeye mwenyewe alilaumu kazi ya kuchora ramani za Urusi aliyopewa na Akademia. Madaktari wa zama hizi huelekea zaidi kwenye maambukizi. Inasimuliwa kuwa alilipokea jambo hilo kwa utulivu, akisema kuwa sasa angekuwa na vichache vya kumpotezea mawazo.

Dhihaka za mfalme

Mwaka 1741, hali ya siasa ikiwa imechafuka mjini St. Petersburg, Euler alikubali mwaliko wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia na kuhamia Berlin. Hadithi mashuhuri inasema kuwa mama wa mfalme alishangaa kwa nini msomi huyo alikuwa mkimya mno. Euler alimjibu kuwa alikuwa ametoka katika nchi ambayo mtu akisema hunyongwa.

Alikaa Berlin miaka 25 na kuandika mamia ya kazi: vitabu vya msingi vya hisabati ya juu, nadharia za meli, mizinga, lenzi, muziki na mwendo wa Mwezi. Hata alama nyingi ambazo mwanafunzi wa sekondari huziona ubaoni leo zilienea kwa sababu yeye alizitumia.

Hata hivyo, mfalme hakumpenda. Frederick alivutiwa na watu wa maneno matamu na mizaha ya kifalsafa, mfano wa Voltaire wa Ufaransa. Euler alikuwa mtu wa familia, mcha Mungu, mwenye mavazi ya kawaida na mazungumzo ya kawaida. Mfalme alimdhihaki kwa chongo lake, akimfananisha na jitu la jicho moja la hadithi za Wagiriki.

Kinyume chake, Urusi haikumsahau. Iliendelea kumlipa hata alipokuwa Berlin, na mwaka 1760, majeshi ya Urusi yalipovamia maeneo ya Berlin na kupora shamba lake, alilipwa fidia kubwa kuliko hasara yenyewe. Mwaka 1766, kwa mwaliko wa Malkia Catherine wa Pili, alirejea St. Petersburg akiwa na umri wa miaka 59.

Giza na moto

Alirejea na balaa jingine. Jicho la kushoto, lililokuwa limebeba mzigo wote kwa karibu miaka 30, lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho. Katika muda mfupi alibaki akiona vivuli tu, na kuandika kwake kukawa ni herufi kubwa za chaki ubaoni.

Mwaka 1771 ulikuwa mwaka wa mitihani mizito. Mwezi Mei moto mkubwa ulizuka St. Petersburg na kuifikia nyumba yake. Mzee kipofu alikuwa ndani. Fundi mmoja mzaliwa wa Basel, aliyejulikana kwa jina la Peter Grimm, alijitosa katika moshi, akambeba mabegani na kumtoa nje. Nyumba na vitabu viliteketea, lakini sehemu kubwa ya miswada iliokolewa. Malkia aligharimia nyumba nyingine.

Miezi michache baadaye alifanyiwa upasuaji wa jicho. Ulifanikiwa, na kwa siku chache Euler aliona tena. Kisha jicho likashika uchafu, maumivu yakawa makali, na giza likarudi lisiondoke tena.

Mtu mwingine angehesabu kuwa safari imefika mwisho. Kwa Euler ilikuwa kinyume. Karibu nusu ya kazi zake zote, ambazo jumla yake inazidi 800, zilitoka baada ya kurejea Urusi. Alikuwa akizunguka meza huku akisema, na wanawe pamoja na wasaidizi vijana wakiandika.

Kitabu chake cha aljebra, kilichosomwa kwa vizazi vingi, alikisema kwa kijana aliyekuwa fundi cherehani na asiyekuwa na elimu ya hisabati. Inasemekana kazi ilipokamilika kijana huyo alikuwa ameielewa aljebra kwa sababu tu ya kuiandika.

Kumbukumbu yake ilikuwa ya kustaajabisha. Aliweza kusema kwa moyo utenzi wote wa Virgil uitwao Aeneid. Inasimuliwa pia kuwa wanafunzi wake wawili walipotofautiana katika hesabu ndefu kwa tarakimu moja, kwenye nafasi ya 50, aliirudia hesabu nzima kichwani na kumwonyesha aliyekosea alipokosea.

Kesi ya karne mbili

Ni katika giza hilo ndipo Euler alipoirudia namba iliyokuwa ikisubiri hukumu kwa karibu karne mbili.

Namba 2,147,483,647 hupatikana kwa kuzidisha mbili 31 kwa pamoja, kisha kutoa moja. Namba za ukoo huu huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyechapisha orodha yake mwaka 1644.

Ukoo huo una hila. Mbili mbili zikizidishwa na kutolewa moja zinatoa 3, ambayo ni tasa. Mbili tatu zinatoa 7, mbili tano zinatoa 31, mbili saba zinatoa 127, na zote ni tasa. Anayeishia hapo ataapa kuwa amepata kanuni. Lakini mbili 11 zinatoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kanuni imevunjika.

Mwaka 1588 Pietro Cataldi, mwanahisabati wa Bologna nchini Italia, alipima kwa uvumilivu mkubwa na kuthibitisha kuwa mbili 17 na mbili 19 zinatoa namba tasa. Kisha akatangaza kuwa mbili 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa namba tasa. Fermat alionyesha kuwa Cataldi alikosea kwa 23 na 37. Euler mwenyewe aligundua kuwa amekosea pia kwa 29. Ikabaki 31 peke yake. Mersenne naye alikuwa ameiweka katika orodha yake, lakini orodha hiyo baadaye ilikutwa na makosa kadhaa.

Kwa hiyo swali lilikuwa halisi. Shahidi wa kwanza alikuwa amekosea mara tatu kati ya nne. Je, katika hili moja alisema kweli?

Njia ya kawaida ya kupima ni kugawa. Ili kujua kama namba ni tasa, hugawanywa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kwa 2,147,483,647 kipeuo hicho kinakaribia 46,341, na chini yake zimo namba tasa zaidi ya 4,700. Ni kusema kuwa mtu angepaswa kufanya migawanyo mirefu zaidi ya 4,700 bila kukosea hata mara moja, kwa kuwa kosa moja tu lingeharibu hukumu yote.

Euler hakukimbilia kugawa. Aliuliza kwanza: kama kigawo kipo, lazima kiwe na sura gani?

Sharti la kwanza lilitokana na kanuni ya Fermat ambayo Euler ndiye aliyechapisha uthibitisho wake. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakishe moja kinapogawanywa kwa 31. Mfano wake unaonekana katika ile 2,047 iliyotokana na mbili 11: vigawo vyake, 23 na 89, vyote hubakisha moja vikigawanywa kwa 11.

Sharti la pili ni kwamba kigawo hicho lazima kibakishe moja au saba kinapogawanywa kwa nane. Masharti hayo mawili yakiunganishwa yanakuwa moja: kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe ama moja ama 63. Namba yoyote isiyofanya hivyo inaachwa bila kuguswa.

Matokeo yake ni makubwa. Namba zinazokidhi sharti hilo chini ya 46,341 hazifiki 400, na kati ya hizo zilizo tasa hazifiki 100. Mlima wa migawanyo zaidi ya 4,700 uligeuka kuwa kilima ambacho mtu anaweza kukipanda kwa siku chache.

Kwa mtu mwenye macho mazima, hilo lingekuwa punguzo zuri la kazi. Kwa mtu ambaye kila tarakimu yake ilipaswa kupita katika mkono wa mwingine, ilikuwa ndiyo tofauti kati ya hesabu inayowezekana na isiyowezekana.

Hakuna hata namba moja iliyoigawa bila baki. Namba ilikuwa tasa. Mwaka 1772 Euler aliandika matokeo hayo katika barua kwa Johann Bernoulli wa Tatu, mnajimu wa Berlin, ambaye alikuwa mjukuu wa yule profesa wa Jumamosi alasiri. Akademia ya Berlin iliichapisha.

Namba iliyoitwa bure

Ugunduzi huo ulizaa mwingine papo hapo. Wagiriki wa kale waliziita kamilifu zile namba ambazo ni sawa na jumla ya vigawo vyake, ukiiacha namba yenyewe. Sita ni kamilifu kwa kuwa ni moja jumlisha mbili jumlisha tatu. Vivyo hivyo 28.

Euclid alikuwa ameonyesha kuwa kila namba tasa ya ukoo wa Mersenne huzaa namba kamilifu, na Euler alithibitisha kuwa hakuna namba kamilifu ya shufwa inayoweza kupatikana kwa njia nyingine. Hivyo barua ya 1772 iliipa dunia namba kamilifu ya nane, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika katika kitabu chake kuwa huenda hiyo ingebaki kuwa namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Sababu yake ni kwamba namba hizo ni za kustaajabisha tu na hazina manufaa, hivyo hakuna mtu atakayehangaika kutafuta nyingine.

Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyethibitisha namba tasa kubwa kuliko ile ya Euler. Lakini utabiri wa Barlow haukudumu. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa mbili 127 zikizidishwa na kutolewa moja zinatoa namba tasa yenye tarakimu 39. Kompyuta zilipoingia kazini katikati ya karne ya 20, mbio zikawa za kasi. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya ukoo huo huo yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Suala la manufaa nalo lilijibiwa. Mwaka 1977 wataalamu watatu wa chuo cha MIT nchini Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walibuni njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa kubwa. Msingi wake ni kanuni aliyoithibitisha Euler zaidi ya miaka 200 kabla. Njia hiyo na nyingine zilizofuata ndizo zimekuwa zikilinda malipo ya kadi na siri za intaneti.

Alasiri ya mwisho

Katharina alifariki dunia mwaka 1773, mwaka mmoja baada ya barua ile. Miaka mitatu baadaye Euler alimwoa Salome Abigail, ndugu wa marehemu mkewe kwa baba, ili nyumba yake isikose mwangalizi.

Septemba 18, 1783 ilianza kama siku nyingine yoyote. Asubuhi alimfundisha mjukuu wake hisabati, kisha akajishughulisha na hesabu za kupaa kwa maputo, habari iliyokuwa gumzo la Ulaya mwaka ule. Mchana alizungumza na msaidizi wake, Anders Lexell, kuhusu njia ya sayari mpya ya Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili kabla.

Jioni, akiwa na mjukuu wake, mshipa wa damu ulipasuka katika ubongo. Alipoteza fahamu na kufariki dunia usiku ule akiwa na umri wa miaka 76.

Alizikwa St. Petersburg. Akademia ya mji huo iliendelea kuchapisha kazi alizoziacha kwa miongo kadhaa baada ya mazishi yake. Mkusanyo wa kazi zake zote, uliotolewa Uswisi kuanzia mwaka 1911, umezidi majalada 80, na sura yake iliwahi kupamba noti ya faranga 10 ya nchi iliyomnyima uprofesa.

Namba ndani ya simu

Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja pekee. Kwa miaka mingi namba ya kawaida ilitengewa nafasi 32, moja ikiwa ya kuonyesha kama namba iko juu au chini ya sifuri. Nafasi 31 zilizobaki zikijazwa moja tupu, kinachopatikana ni mbili 31 zilizozidishwa na kutolewa moja. Ni namba ya Euler, tarakimu kwa tarakimu.

Ndiyo maana Desemba 2014, video ya wimbo wa Gangnam Style wa msanii PSY wa Korea Kusini ilipokaribia kutazamwa mara 2,147,483,647, YouTube ilieleza kuwa kihesabio chake kilibadilishwa ili kiweze kupita hapo. Ndiyo maana pia mafundi wamekuwa wakibadilisha mifumo inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, kabla asubuhi ile ya mwaka 2038 haijafika.

Ni kweli kuwa kompyuta hukwama kwa ukubwa wa namba hiyo, si kwa utasa wake. Lakini kuna la kujifunza katika kukutana huko. Namba iliyoitwa ya kustaajabisha tu imekaa kimya ndani ya mamilioni ya mashine, na mtu wa kwanza kuijua sawasawa alikuwa kipofu alipoipima. Aliikubali kuwa tasa baada ya kuipima, si kwa sababu Cataldi au Mersenne walikuwa wamekwisha kusema hivyo.